Baraza la Mtambaji: Hadithi imekwama kisimani

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja, nalo ni michezo ya hadithi inayochezwa kwa kuandikiana kwenye simu. Nimefurahi sana kuzipata. Mimi mwenyewe natamba mchezo wa aina hiyo kutoka hapa Kikwajuni. Wachezaji wangu mmoja yuko Wete, mmoja muuguzi wa zamu za usiku hapa mjini, mmoja baharia wa jahazi la mizigo, na mmoja ni mtoto wa dada yangu aliyehamia Muscat. Hatujawahi kukaa baraza moja sote, na hadithi inakwenda.

*Bi Mtambaji, asalaam aleikum. Nasomesha skuli moja hapa Chake Chake. Vijana wangu wana mchezo kwenye simu ambao hauna picha, hauna mpira wala bunduki, ni maneno matupu. Nikawauliza nani anashinda, wakacheka. Hebu nieleze unachezwaje.*
— Mwalimu, Chake Chake

Waaleikum salaam, mwalimu mwenzangu. Wamecheka kwa kuwa hakuna anayeshinda. Wachezaji wote wako upande mmoja, na hamu yao ni kuona hadithi itafika wapi.

Mmoja wao ni mtambaji. Yeye ndiye anayejua hadithi inatokea wapi, nani wanaishi hapo na hatari gani imejificha. Wengine kila mmoja anashika mhusika wake: mvuvi, mkunga, mwizi wa karafuu, msichana anayefahamu lugha ya popo. Mtambaji anaandika: mmefika mlango wa pango na maji yanaanza kujaa. Kila mchezaji anajibu mhusika wake anafanya nini na anasema nini. Likija jambo ambalo halijulikani kama litafaulu, tuseme kuruka kutoka ngalawa moja kwenda nyingine penye mawimbi, dadu zinaamua, kisha mtambaji anaandika yaliyotokea.

Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson; chapa ya kwanza ilikuwa nakala 1,000 tu. Ule ulikuwa wa kukaa meza moja. Kucheza kwa kuandikiana ni kukongwe zaidi. Watu walikuwa wakicheza sataranji kwa posta tangu zamani, na mwaka 1970 Mmarekani Rick Loomis alianza kuendesha mchezo wa vita kwa barua, wachezaji wakimpelekea amri zao naye akiwarudishia matokeo. Vijana wako wanafanya lile lile, ila barua inafika papo hapo.

Dadu zinazotumika siku hizi katika mchezo wa Gygax zina pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, na madukani kwetu huzioni. Usihangaike. Chukua dadu mbili za ludo, uzijumlishe. Ikitoka 10 au zaidi, mhusika amefaulu sawasawa. Kuanzia 7 mpaka 9, amefaulu lakini kuna la kulipa. Ikiwa 6 au chini yake, mambo yamemharibikia. Utaratibu huu ulienezwa na mchezo wa Vincent Baker na mkewe Meguey, Wamarekani, uliotoka mwaka 2010, nami naupenda kuliko wote kwa kuandikiana, kwa ajili ya hesabu yake. Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka. Namna 6 tu ndizo zinazotoa 10 na kuendelea. 15 zinatoa 7 mpaka 9, na 15 zilizobaki zinatoa 6 au chini. Kwa hiyo mara nyingi mtu anapata alichokitaka pamoja na balaa jipya, au anapata balaa peke yake, na mwenzake ana la kuandika kesho.

*Bi Mtambaji, tulianza watu wanane kwa moto mkubwa. Wiki ya tatu kimya. Mtambaji wetu anaandika "mpo?", tiki za buluu zinaonekana, jibu hakuna. Ulipofika msimu wa karafuu ndiyo basi tena. Na mara hii ni ya pili hadithi kutufia hivi hivi. Kosa liko wapi?*
— Kijana wa Wete

Mwanangu, barua yako ndiyo iliyonifanya nikae nayo siku nyingi, kwa sababu hadithi iliyoachwa njiani inaniuma. Nadhani mmekwama mahali panne, na la mwisho ndilo kubwa.

Watu wanane ni wengi. Anza na wanne, mtambaji wa tano. Kwenye wanane kila mtu anadhani mwenzake atajibu.

Pili, hamkukubaliana mwendo. Kabla ya neno la kwanza la hadithi semeni wazi: kila mchezaji anaandika angalau mara moja kila siku mbili, na zikipita saa 48 mtambaji anasogeza hadithi bila kumngoja aliyenyamaza. Mhusika wake hafi wala hafanywi mjinga. Kapata homa, kabaki mtumbwini kulinda vitu. Akirudi, karibu. Mtu asiyetiwa haya kwa kukosa ni rahisi kurudi, lakini yule aliyeulizwa "mpo?" mbele ya wenzake hufunga simu. Karafuu, mitihani, Ramadhani, harusi ya nyumbani, hayo yote mnayajua kabla hayajafika, basi yapangieni. Mwezi wa Ramadhani sisi tunasimama kabisa mpaka Idi, na tunasimama mahali penye utamu, si baada ya jambo kwisha. Baharia wangu akiingia safarini anatuaga, nasi tunampa mhusika wake safari ya kweli ndani ya hadithi.

La tatu ni mapigano. Mezani watu wanapigana kwa zamu, huyu kisha yule. Kwenye kuandikiana zamu hizo zinaua. Piga hesabu: wachezaji watano, kila mmoja anamngoja aliyemtangulia, kila mmoja anajibu mara moja kwa siku. Raundi moja imekula siku tano. Vita vya raundi sita ni mwezi mzima wa kupigana na chui mmoja! Msifanye hivyo. Mtambaji aeleze hatari, wachezaji wote waandike kwa mpangilio wowote watakaowahi, kila mtu atie dadu zake chini ya maneno yake, halafu mtambaji ayakusanye yote ayajibu kwa mkupuo. Vita vimalizike ndani ya wiki.

Sasa la nne. Nimekuomba kipande cha mazungumzo yenu, ukanipelekea, nami nimekisoma mara mbili. Wahusika wenu wamefika usiku Pujini, kwenye magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani. Mtambaji wenu amechagua pahala pazuri mno. Wazee wa Pemba wanasimulia kuwa kisima cha pale kilijengwa ukuta katikati ili wake wawili wa Mkama wasionane wakiteka maji. Mtambaji akaandika: "Mko upande mmoja wa kisima. Upande wa pili wa ukuta mnasikia ndoo inashuka." Mimi nilisisimka nikiwa jikoni kwangu mchana!

Jibu la kwanza lililokuja: "Naingia kwa uangalifu, naangalia huku na huku." La pili: "Na mimi." La tatu lilikuwa refu kupita kurasa, mvuvi anakumbuka utoto wake, anakumbuka baba yake, halafu anaruka ukuta, anamkamata mwenye ndoo, anamfunga kamba, kwisha.

Aliyesema anaangalia huku na huku hakumwachia mtu kitu cha kushika. Aliyesema "na mimi" hakuandika. Na yule wa tatu amekula chakula cha wote. Baada yake wenzake wabakie kufanya nini? Hapo ndipo hadithi ilipokufa, siku ile ile, nyie mkaja kuona baada ya wiki mbili.

Ningekuwa mkunga katika hadithi yenu ningeandika hivi:

"Mkunga anazima kurunzi. Anamnong'oneza mvuvi: 'Sauti yako imetoka sawa na ya marehemu babu yako, na babu yako alikuwa akija hapa. Mwamkie huyo wa upande wa pili.' Huku mkono wake umeshaigusa kamba ya ndoo, anaivuta taratibu."

Mistari minne ya simu. Angalia kilichomo. Kurunzi imezimwa, kwa hiyo mahali pamebadilika, sasa ni giza. Mvuvi amepewa kazi, tena amepewa siri ya ukoo wake ambayo anaweza kuikubali au kuikataa. Na kamba imevutwa, mtambaji lazima aseme nini kilichoko mwisho wake. Posti ya namna hiyo imekaa kama kitendawili, imetegwa ili mwengine aitegue. Kila unapotaka kutuma, jiulize nani baada yako atakuwa na hamu ya kujibu, na atajibu nini. Ukikosa jina la mtu, ongeza sentensi moja.

Mtambaji naye ana sehemu yake. "Mnafanya nini?" ni swali dhaifu, linaulizwa kwa wote na halimgusi yeyote. Mwite mtu: "Mvuvi, ndoo imesimama nusu njia na sauti ya mwanamke inakutaja kwa jina lako la utotoni. Unaitika?" Akishaitika yeye, wengine watakuja.

Na soga zenu za mpira na salamu za asubuhi zitengeeni kikundi chao. Cha hadithi kibaki cha hadithi tu, mtu akiingia usiku akute uzi mmoja. Zimeni ule mpango wa ujumbe kujifuta. Siku mkimaliza, WhatsApp inaweza kuwatolea mazungumzo yote kuwa faili moja la maandishi, mkalichapisha mkalisoma. Nawaombea mfike huko, khasa kwa kuwa mna kisima kile.

*Bi, mwenzetu mmoja anamwandikia mhusika wangu maneno na vitendo. Jana kaniandikia nimelia. Mimi mhusika wangu halii.*
— Binti wa Makunduchi

Una haki ya kukasirika. Mhusika ni mali ya aliyemshika: mwenzako anaandika anachojaribu kukufanyia, wewe unaandika unavyolipokea. "Namsukuma" ni sawa. "Namsukuma, anaanguka, analia" si sawa, na mtambaji naye hana ruhusa hiyo bila kukuomba. Mwambie kwenye kikundi cha soga, kwa upole, leo leo, kabla hujaanza kumjibu kwa visa ndani ya hadithi. Tena mpe mlango: akitaka kukuona ukilia, akuulize ni kitu gani kingemliza mhusika wako. Swali hilo huzaa hadithi nzuri kuliko zote.

*Asalaam aleikum mama. Mimi mwanafunzi wa Micheweni. Ami yangu ameniambia dadu ni haramu hata bila ya kamari. Nimeacha kucheza lakini moyo unauma. Nifanyeje?*
— Mwanafunzi, Micheweni

Waaleikum salaam warahmatullah, mwanangu. Umefanya adabu kumsikiliza ami yako, na neno lake lina asili. Imo katika Sahihi Muslim hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayoikemea nardi, mchezo wa kale wa dadu, na wanazuoni wengi wa madhehebu yetu ya Kishafii wameikataa hata pasipo dau. Kama hukumu hiyo inafika kwenye dadu za kuamulia hadithi, hilo la kuulizwa sheikh. Ukienda kwake mweleze mchezo wote ulivyo: hakuna pesa, hakuna wa kushinda, na dadu zinatumika kujua kama mvuvi kavuka mawimbi. Swali likienda nusu, jibu nalo litarudi nusu.

Lakini kucheza huna haja ya kuacha, maana dadu zinaweza kuondoka na hadithi ikabaki. Mwaka 1991 Erick Wujcik, Mmarekani, alitoa mchezo mzima usiokuwa na dadu hata moja, Amber, na wengi wamefuata njia hiyo kwa namna zao. Ninayoipendekeza mimi ni hii. Kila mhusika anaanza na kokoto tatu. Si lazima ziwe za mkononi. Ziandikwe juu ya kikundi pale ujumbe unapobandikwa. Ukitaka jambo gumu lifaulu, unatoa kokoto moja, linafaulu, nawe unaandika jinsi lilivyofaulu. Zikikwisha, njia ya kupata nyingine ni moja tu: kumtia mhusika wako matatani kwa hiari. Mguu unateleza kwenye jiwe. Anasema siri aliyokatazwa. Anamwamini asiyefaa kuaminiwa. Unaandika, unapata kokoto.

Mwanangu, hili naliamini kwa dhati, na nimeliona kwa macho yangu kwenye kikundi cha mabinti ninachokitamba: mtu anapochagua mwenyewe kuanguka, anaandika anguko hilo vizuri kuliko dadu ingemlazimisha. Mpelekee ami yako utaratibu huu ausome. Pengine atataka mhusika.

*Dadu anazorusha mwenzetu nyumbani kwake kila siku ni 11 na 12. Hatutaki kumwita mwongo.*
— Wachezaji wanne, Mkoani

Msimwite. Rusheni nyote mahali pamoja. Kwenye Telegram ukituma alama ya dadu peke yake, inazunguka na kutoa namba kati ya 1 na 6 mbele ya wote, na namba hiyo inatoka kwenye seva, si kwenye simu ya mtumaji. Tumeni mbili, jumlisheni. Hadithi inaweza kubaki WhatsApp mkipenda.

*Bi Mtambaji, mimi mama wa watoto, Konde. Binti yangu wa kidato cha tatu kila usiku anaandika mambo ya majini, mizimu na watu wa msitu wa Ngezi. Nimesoma yaliyomo kwenye simu yake nikashikwa na khofu. Nimwondoe?*
— Mama wa Konde

Dada yangu, khofu yako naifahamu, na hapa kwetu Visiwani mtu hatamki majini kwa mchezo. Khofu hii si yako peke yako. Huko Marekani miaka ya 1980 wazazi wengi waliogopa kuwa mchezo wa Dungeons & Dragons unawafundisha watoto uchawi, wakaupinga kwa nguvu. Mchezo haufundishi uganga. Mwanao anaandika juu ya jini kama bibi zetu walivyotusimulia juu ya jini, nasi tukalala tukaamka tukaenda chuoni. Kama kuna mambo ambayo nyumbani kwenu hayatajwi, mwambie yapi, na amwambie mtambaji wake. Kikundi chochote chenye adabu huanza kwa kuandika orodha ya visivyoguswa, na hakuna anayedaiwa sababu.

Mimi ningeangalia mahali pengine. Nani wamo kwenye kikundi kile? Mtambaji ni nani, ana umri gani, nani anamjua? Mtoto wa kidato cha tatu achezee na rika lake, skuli yake au mtaa wake, na pawe na mtu mzima mmoja mnayemjua anayesoma. Mtu asiyejulikana akianza kumwandikia pembeni, nje ya kikundi, hapo simama wima mara moja. Na simu ilale chumbani kwako. Hadithi ya kuandikiana haimkimbii mtu. Atajibu kesho baada ya skuli, na hakuna atakachokosa.

Halafu umesema umesoma yaliyomo kwenye simu yake. Kaa naye umwombe akusomee mwenyewe, kwa sauti, kuanzia mwanzo. Nina yakini utashangaa mwanao anavyoandika.

*Tunataka kuzitia kanuni za Dungeons & Dragons kwa Kiswahili tuwagaiye wenzetu. Tutashitakiwa?*
— Vijana wawili wa Mwanakwerekwe

Mwezi wa Januari 2023 wenye mchezo, Wizards of the Coast, waliachia kanuni za msingi, zile zinazoitwa SRD 5.1, kwa leseni ya Creative Commons CC-BY-4.0. Leseni hiyo inakuruhusuni kutafsiri, kubadilisha, kugawa, hata kuuza, mradi mtaje zilikotoka kwa namna waliyoelekeza na mseme kuwa mmezibadilisha. Vitabu vyao vyengine vya dukani havimo, hivyo viacheni.

Ni karibu kurasa 400. Msianze ukurasa wa kwanza! Tafsirini zile kumi ambazo mchezaji mpya anazihitaji usiku wa kwanza, mzicheze, mzirekebishe, kisha muendelee. Na mkimaliza hizo kumi niletee, nataka kuziona.

*Mimi nina kitochi. Basi tena?*
— Mvuvi, Nungwi

Ujumbe mmoja wa simu yako unachukua herufi 160, na zinatosha. Muombe mchezaji mmoja mwenye simu kubwa awe mwandishi wako: wewe unamtumia ujumbe, yeye anaunakili kikundini chini ya jina la mhusika wako bila ya kuongeza neno, na kila jioni anakurudishia yaliyotokea kwa ujumbe mmoja au miwili. Mjazie vocha mara moja moja, maana anatumia salio lake. Ukiingia baharini usiku wa bamvua, muage mapema ili mtambaji ampe mhusika wako kazi ya kufanya mpaka urudi.